Swala wa Saanane na sanamu za ushindi

Wazee wa Mwanza wakisimulia vita ya Kagera, ngoja kidogo tu, watafika Saanane. Machi 29, 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa na Gaddafi kumwokoa nduli Idi Amin, ilikuja kulipua ghala la mafuta mjini. Ikakosa. Makombora yakaangukia kisiwani Saanane, pale jirani na Capri Point, kwenye hifadhi ya wanyama. Mfanyakazi mmoja akajeruhiwa, swala kadhaa wakafa. Siku 13 baadaye Kampala ikaanguka.

Sasa vijana wetu waliozaliwa huku Ujerumani wanauliza: kama tulishinda, sanamu ya ushindi iko wapi? Swali zuri, na jibu lake linapitia hapa hapa Hamburg.

Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyezima upinzani wa Abushiri pwani. Mzungu juu, na chini yake askari Mwafrika anayemtazama kwa unyenyekevu. Waingereza walipoishika nchi wakaing'oa. Ikaishia chuo kikuu cha Hamburg, ikasimama huko tangu 1922 mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Dar nako, mwaka 1927, Waingereza wakaweka askari wa shaba peke yake, bunduki yenye singe mbele; ndiyo ile sanamu ya Posta watu wa Dar wanayoipita kila siku. Bwana mkubwa wa juu kaondoka, ingawa vita aliyopigana huyo askari, ile ya kwanza ya dunia, ilikuwa ya wengine.

Ya Kagera ilikuwa yetu. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuikalia ardhi yetu hadi mto Kagera; Novemba 2 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba tutampiga. Arusha kuna mnara wa mwanajeshi akishangilia ushindi huo. Lakini mwenye nafasi aende Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya jeshi yaliyojengwa kuwaenzi wanajeshi 619. Mnara wake ni mkubwa, mweupe, na mapambo yake ni majina ya waliokufa. Hakuna farasi, hakuna jenerali aliyenyoosha kidole. Unasoma jina, unashuka, unasoma jingine, na mtu wa Kanda ya Ziwa anaweza kukutana na ukoo anaoufahamu.

Linganisha na Georgia, ile ya Caucasus, si ya Atlanta. Mwaka 1121 Mfalme David aliwashinda Waseljuki pale Didgori, na mnara uliojengwa 1993 ni panga kubwa ajabu zilizochomekwa ardhini. Wanaweza. Baada ya miaka 872 hakuna mjane anayepita pale akitafuta jina la mumewe. Wajane wa Kagera wapo, watoto wao wana mvi. Ndiyo maana naona Kaboya imepatia kuliko Arusha.

Na Mwanza je? Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, unavuka kwa boti mara moja umefika. Kama kuna mchongaji wa kwetu anasoma hapa, ombi langu ni swala wa shaba, ukubwa wake wa kawaida, asimame chini bila nguzo, upande unaotazama mjini. Jiwe liandikwe tarehe tu. Yaliyobaki wazee watamalizia, na chumvi yao kidogo.