Nakala za akiba za kompyuta: usifute ya zamani kabla ya kujua kazi yake

Diski ya nje ikijaa, kompyuta hutoa ilani, na aliye karibu hufuta faili za zamani ili kazi iendelee. Katika ofisi za wadi, shule, zahanati na vyama vya ushirika, data nyingi hupotea kwa njia hiyo. Kwa nakala za akiba, au bakapu kama wengi tunavyoziita, ile ya zamani huenda ndiyo inayoshikilia zote nyingine.

Ofisi nyingi hazinakili kila kitu kila siku, kwani hilo hula muda na nafasi. Jumapili hutolewa nakala kamili. Jumatatu hunakiliwa yaliyobadilika tangu Jumapili, Jumanne yaliyobadilika tangu Jumatatu, na kuendelea hivyo hadi Jumamosi. Hizo ndogo ndizo nakala za nyongeza. Kompyuta ikiharibika Ijumaa asubuhi, fundi atahitaji nakala ya Jumapili, kisha za Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kwa mpangilio huo. Kama uliifuta ya Jumanne, utarudishiwa kazi ya hadi Jumatatu tu. Kama uliifuta ya Jumapili, zilizobaki hazitakufaa.

Kwa hivyo mnyororo wa wiki hufutwa wote kwa pamoja, tena baada ya nakala kamili mpya kukamilika. Hesabu ya nafasi ndiyo huwakosesha wengi hapa. Tuseme nakala kamili ni GB 200 na kila ya nyongeza ni GB 5. Wiki moja ni GB 230. Ofisi inayotaka kubakiza wiki nne itahesabu GB 920 na kununua diski ya TB 1. Jumapili ya tano itakuta nafasi ya takriban GB 80, ilhali nakala mpya inahitaji GB 200. Afadhali kununua ya TB 2 tangu mwanzo.

Zipo pia programu zinazounganisha nyongeza ya zamani zaidi na nakala kamili, hivyo mwanzo wa mnyororo ukasogea mbele wenyewe. Ukitumia programu ya aina hiyo, weka idadi ya siku kwenye mipangilio yake na uiache ifute. Usiingie kwenye folda kufuta kwa mkono.

Je, wiki nne zatosha? Tuseme mtu amefungua orodha ya basari mwezi Januari, akafuta safu chache kimakosa na kuhifadhi. Hakuna anayeigusa tena hadi Mei, mzazi anapokuja kuuliza jina la mwanawe limeenda wapi. Nakala zote za wiki nne zilizopita ni nzima kabisa, ila zote ni za orodha yenye kasoro. Ndiyo maana mafundi hufuata utaratibu unaoitwa babu, baba na mwana: nakala za kila siku hubakizwa wiki chache, moja ya kila wiki hubakizwa miezi miwili au mitatu, na moja ya kila mwezi hubakizwa mwaka mzima. Ya mwezi iwe kamili, isiyotegemea nyingine.

Kumbukumbu zinazotakiwa kisheria kwa miaka zisiachiwe mnyororo huu. Ziwekwe kwenye hifadhi yake. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kumbukumbu za ununuzi wa umma hutunzwa angalau miaka 6 baada ya mkataba kukamilika. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu kuweka taarifa za mtu kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Diski ya majina ya wagonjwa iliyosahaulika kwenye droo si akiba, ni hatari.

Kabla ya kufuta mnyororo wowote, chukua faili moja kutoka mnyororo mpya, irejeshe kwenye kompyuta nyingine na uifungue. Isipofunguka, wa zamani ubaki ulipo hadi fundi afike.