Mifupa Yetu: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

"Mfupa ukishakomaa, basi, ni kama jiwe." Uongo. Bila shaka umelisikia hili, na anayelisema huwa anaufikiria mfupa mkavu. Ulio mwilini una damu, neva na seli hai. Kila mwaka, takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya.

"Seli zinazokula mfupa ni adui, zingeuawa zote." Uongo kabisa. Seli hizo, osteoklasti, hujishika kwenye uso wa mfupa, huziba ukingo wao pande zote, kisha humwaga asidi ya kuyeyusha madini na vimeng'enya vya kukata protini. Baada ya wiki chache hubaki kishimo, na seli za ujenzi, osteoblasti, hukijaza kwa miezi kadhaa. Hivyo ndivyo nyufa ndogondogo zinavyoondolewa kabla hazijawa mvunjiko. Wako watoto wanaozaliwa na osteoklasti zisizofanya kazi. Kwenye eksirei mifupa yao huonekana minene, lakini huvunjika upesi, na uboho hubanwa hata damu ikapungua.

Sasa nani huziamuru osteoklasti? Seli za ujenzi zenyewe, pamoja na osteositi, seli zilizozungukwa na mfupa pande zote. Hutoa protini iitwayo RANKL, ambayo ikigusa seli changa za ukoo wa damu huzifanya ziungane na kuwa osteoklasti. Ajabu ni kwamba hutoa pia protini nyingine, OPG, inayoinasa RANKL kabla haijafika. OPG ilitangazwa mwaka 1997, baada ya panya waliofanywa waitoe kwa wingi kuota mifupa minene kupita kiasi. RANKL ikizidi, mfupa unaliwa. OPG ikizidi, ubomoaji unapoa.

"Mwanamke akikoma hedhi, mifupa hudhoofika." Kweli. Bibi zetu waliiona migongo ikipinda, wakajua. Homoni ya estrojeni huidhibiti RANKL na kuiongezea nguvu OPG. Estrojeni ikishuka, ubomoaji huupita ujenzi. Tangu 2010 ipo sindano ya denosumab, inayoinasa RANKL kama OPG inavyofanya. Anayeitumia asiiache bila daktari, kwa sababu RANKL hurudi kwa kishindo na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika.

"Bibi, kaa tu, mifupa yako imechoka." Uongo, na huu unaniuma, maana husemwa kwa upendo na humdhuru anayependwa. Osteositi huhisi uzito unapoukandamiza mfupa. Pasipo uzito hutoa sklerostini kwa wingi, protini inayozizuia osteoblasti kujenga. Mtu akitembea na kupanda ngazi, sklerostini hupungua. Wanaanga, wasiobeba hata uzito wa miili yao, wamepoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Kinyume chake, Afrika Kusini kuna familia za Makaburu ambazo baadhi ya watu wake hawatoi sklerostini: mifupa yao ni vigumu kuivunja, ingawa inapoota kupita kiasi fuvani huweza kubana neva na ubongo. Basi bibi atembee, abebe kikapu chepesi, ainuke kitini mwenyewe. Kama pingili zimeshaanza kuvunjika, asiiname kuinua ndoo, na amwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Supu ya makongoro hujenga mifupa." Kwa kiasi kikubwa, uongo. Ni tamu na ina protini, lakini kalsiamu inayotoka mfupani kuingia mchuzini ni kidogo.

"Dagaa hutia nguvu mifupani." Kweli, wazee walipatia. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu unaimeza yote. Ongeza jua la kutosha mwilini ili ngozi itengeneze vitamini D, kwa sababu bila hiyo utumbo hufyonza sehemu ndogo tu ya kalsiamu hiyo, na damu ikipungukiwa, tezi za shingoni hutoa homoni inayopandisha RANKL ili kalsiamu ichotwe mfupani.