Poda ya Uso Mweupe Chini ya Jua la Unguja

Aghalabu wanaonijia kuniuliza juu ya poda huja katika mifunguo, miezi inayofuata Ramadhani, pale harusi za Mji Mkongwe zinapoandamana na kila nyumba ina mtu wa kupambwa, na swali lao huwa ni lile lile: poda ipi inaufaa uso mweupe? Muulizaji pengine ni binti wa ukoo wenye asili ya Omani au ya Bara Hindi, ambaye weupe wake umechanganyika na rangi ya zeituni. Pengine ni mgeni wa Ulaya aliyeolewa hapa, ambaye mashavu yake huiva kabla ya adhuhuri. Na pengine, na huyu ndiye hasa ninayemkusudia, ni mtu mwenye ualbino, mzaliwa wa Ng'ambo au wa Makunduchi, mtoto wa baba mweusi na mama mweusi, ambaye katika rafu zote za Darajani hukuta makopo yaliyokusudiwa weusi wa ndugu zake na makopo yaliyokusudiwa weupe wa watu wa mbali, asilione hata moja ambalo aliyelitengeneza alikuwa akimfikiria yeye.

Watu hawa si wachache wa kusahauliwa, kwani sensa ya mwaka 2012 ilihesabu 16,477 katika Tanzania. Ualbino ulio mwingi kwetu hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo OCA2, ambayo sharti mtoto airithi kwa wazazi wote wawili, na wazazi hao wenyewe huweza kuwa na rangi yao kamili bila ya kujua walichokibeba. Chembe za kutengeneza rangi zimo katika ngozi kwa idadi yake ya kawaida, walakini hazimudu kutoa melanini nyeusi ila kwa uchache mno, na kile kinachotoka huelekea umanjano; ndiyo sababu nywele huwa za rangi ya ukindu mkavu, ngozi ikawa ya rangi ya malai, na damu ipitayo chini yake ikajitokeza kwa wekundu hafifu. Basi weupe huu si weupe wa waridi wa mtu wa Ulaya ya Kaskazini, ingawa muuza duka, kwa nia njema kabisa, humpa mwenyewe poda ya waridi. Naye akiipaka, wekundu huzidi juu ya wekundu, akaonekana kama mtu aliyetoka kulia. Rai yangu ni kwamba aanze na poda yenye umanjano hafifu, rangi ya malai au ya ndizi iliyomenywa, maana umanjano huutuliza wekundu bila ya kuufukia. Na yale madoa ya kahawia yaliyoletwa na jua asiyazike kwa poda nzito, kwa sababu poda nzito hugandamana juu yake na kuyatangaza.

Hata hivyo rai hiyo haimfai mtu kitu mpaka ajue mahali pa kuijaribia poda, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Taa za mirija za madukani zina mwanga wenye usamawati, ambao hunyonya umanjano wa ngozi, na mushtarii akachagua poda ya baridi kuliko uso wake. Akitoka hapo akaingia vichochoro vya Mkunazini au Hurumzi, mwanga unaomfikia umekwisha kupiga ukuta huu na ule, ukachukua rangi ya chokaa kuukuu na ya milango iliyopakwa mafuta. Na akiiahirisha hukumu yake hadi jioni, akashuka Forodhani pamoja na wenzake wakati wauza urojo na mishkaki wanapowasha taa zao na jua linapozama upande wa bahari, basi amechagua saa iliyo mbaya kuliko zote, kwani mwanga wa machweo hutia dhahabu kila uso, na poda yoyote, iwe ya haki au ya batili, huonekana kuwa ndiyo.

Forodhani hiyo hiyo, asubuhi, ndiyo mahali pazuri nipajuapo kwa kazi hii. Bustani imeelekea bahari, na nyuma yake yamesimama Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba aliloliamrisha Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kwa hivyo jua la mapema huwa bado liko nyuma ya majengo, na uso wa mtu aliyeelekea majini hupata mwanga wa mbingu iliyo wazi, usioegemea rangi wala upande. Simama hapo, mbali kidogo na miti, kwa kuwa majani huakisi ukijani, paka poda tatu zilizokaribiana, mistari mitatu kwenye taya kuelekea shingoni, wala usipake mgongoni mwa kiganja, maana kiganja kimepigwa na jua kuliko uso na hakina rangi yake, kisha ngoja nusu saa. Ule mstari ambao mwenzio hauoni tena ndio wako. Nasema mwenzio, na sisemi wewe, kwa sababu ualbino hupunguza nguvu ya macho na mwanga mkali huyatia maumivu, na kioo kidogo cha mkobani hakimwonyeshi mtu wa namna hiyo tofauti ya rangi mbili zilizokaribiana. Basi na aende na dada yake au shoga yake amwaminiye kusema kweli.

Kungoja nusu saa si anasa. Poda ni chembe kavu ambazo hutawanya mwanga kwa kuwa kati yake kuna hewa; mafuta ya ngozi yakiingia katika nafasi hizo, mwanga hupenya badala ya kutawanyika, na rangi hukoza. Atakaye ushahidi na atazame ufukweni mawimbi yanaporudi: mchanga uliolowa na mchanga mkavu ni mchanga mmoja, lakini ule uliolowa ni mweusi zaidi. Katika ngozi nyeusi ukozo huo haushiki macho. Katika ngozi nyeupe hugeuka doa la rangi ya chungwa lenye mpaka tayani. Kwa hivyo, ukisita baina ya poda mbili, chukua iliyo nyepesi kwa daraja moja.

Kuhusu vilivyomo ndani ya kopo sitarefusha. Mwili wa poda aghalabu ni talki, jiwe laini kuliko madini yote, pamoja na ulanga unaong'aa, unga wa mchele au wa mahindi. Rangi hutokana na oksidi za chuma, ambazo ni jamaa wa kutu. Na weupe hutokana na oksidi ya zinki na dioksidi ya titani. Hii ya mwisho ihadharini siku ya picha. Niliwahi kumwona bibi harusi mwenye ualbino aliyetoka mikononi mwa mpambaji akiwa mzuri wa kutazamwa na kila aliyehudhuria, na picha zilipotoka, uso wake ulikuwa mweupe pe kama karatasi, hauna pua wala mashavu, kwa kuwa mmweko wa kamera ulikuwa umerudishwa na poda iliyojaa titani. Alilia, na picha za harusi hazipigwi mara mbili. Mpambaji na apige picha moja ya majaribio kabla hajamaliza kazi yake.

Bibi zetu hawakuwa na makopo haya. Walisaga liwa, mti wa harufu ulioletwa kutoka Bukini, wakauchanganya na maji ya mawardi na kujipaka usoni, na walikuwa na dalia ya manjano kwa ajili ya siku za furaha. Ngazija mpaka leo wanawake hutembea mchana na uso uliopakwa msindano, mpako wa namna hiyo hiyo. Ninaiheshimu sana mila hii, na umanjano wa liwa unaupendeza uso mweupe kuliko poda nyingi za kigeni, ila nasikitika ninapomsikia mama akimwambia mwanawe mwenye ualbino kwamba liwa itamlinda na jua. Kinga ya namna hiyo si ya kutegemewa, na kwa ngozi hii kosa dogo hulipwa kwa maisha.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Unguja iko katika latitudo ya digrii 6 kusini ya Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Mchanga mkavu huakisi kiasi cha asilimia 15 ya miale yake ya urujuanimno, na povu la bahari kiasi cha asilimia 25, hata mtu aliyekaa kivulini ufukweni hupigwa kutoka chini. Ngozi isiyo na melanini ya kutosha haina pazia la kujifunika, na saratani ya ngozi huwafikia watu hawa wakiwa bado vijana. Makopo mengi ya poda yameandikwa herufi SPF na tarakimu, na mnunuzi hudhani amekwisha kupata kinga. Tarakimu hiyo hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 katika kila sentimita moja ya mraba. Uso wa sentimita za mraba 600 utahitaji gramu 1.2, na hakuna binadamu anayepaka poda kiasi hicho, ambacho kingemziba vinyweleo na kumwagika kifuani. Anachokipaka ni sehemu ndogo tu ya hicho, na kinga anayoipata ni ndogo vivyo hivyo. Sharti poda iwe juu, na chini yake mafuta ya kinga ya jua, ya SPF 30 au zaidi, yapakwe kwa wingi robo saa kabla ya kutoka na yarudiwe kila baada ya saa mbili. Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa, na hiyo ni kazi ya kupongezwa, kwani iliwaanza wao badala ya kuwamalizia. Juu ya mafuta na poda bado pana kofia pana, mikono mirefu na mtandio.

Neno moja la hadhari kwa wanaotaka kuyaondoa madoa yao: msiguse krimu za kuchubua. Zebaki na hidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu, na mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, Mkataba wa Minamata, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza nje au kuagiza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni, lakini vingali vikipenya bandarini, na kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo si la kununuliwa hata likiwa rahisi. Doa linalokua, linalotoa damu au lisilopona kwa wiki nne halitaki poda wala krimu. Linamtaka tabibu wa ngozi.

Enyi wenye maduka ya Darajani na Mchangani, nawaombeni mambo mawili: mruhusuni mnunuzi atoke na kopo la kujaribia mpaka mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, na kila mnapoagiza poda za rangi nyepesi agizeni pia mafuta ya kinga ya jua, myaweke rafu moja nazo, kwa bei ambayo mzazi wa Makunduchi ataimudu.