Chupa unayobeba kwenda karamuni

Wapo wakazi wa Kariobangi ambao, wakienda hotelini kusherehekea, hubeba mvinyo wao ili kupunguza gharama. Hakuna ubaya mwenye hoteli akikubali. Lakini je, chupa hiyo imetoka wapi? Mnamo Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi, wengi wao mitaa ya Mukuru. Huwezi kuitambua methanoli kwa kuonja. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu neva za macho, na dalili huweza kuchelewa hata siku nzima. Nunua kwenye duka lenye leseni; kagua kifuniko na stempu ya ushuru. Ukiona ukungu machoni kesho yake, usidhani ni uchovu wa ulevi. Kimbia hospitalini mara moja.