Kibaba cha maji ya udhu na bustani ya ghorofa

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeyajaalia maji kuwa asili ya kila kilicho hai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ndugu msomaji, sisi tulio katika Mkoa wa Katavi tunaijua vyema alama ya kiangazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu: huanza kwenye mwezi wa Novemba, na Mei inapoingia huwa zimekwisha kuaga. Kuanzia hapo hadi Oktoba ardhi hukauka, na katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi Mto Katuma hupungua hadi viboko wakasongamana kwa mamia ndani ya vidimbwi vilivyosalia. Hapa mjini Mpanda, katika kata ya Shanwe, hatuna viboko wa kutupa habari hiyo. Habari hutufikia kwa njia ya mboga. Mchicha uliokuwa ukiota nyuma ya kila nyumba wakati wa masika hunyauka, na mama wa nyumbani hulazimika kuchagua: ndoo hii ya maji aimwage kwenye tuta, au aiweke kwa ajili ya kupikia na kufulia?

Wakati mama huyo yuko katika uchaguzi huo mgumu, katika nyumba hiyo hiyo maji hutiririka mara tano kwa siku na kupotelea mchangani. Hayo ni maji ya udhu. Ijumaa hii tunapenda tuyazungumzie maji hayo, pamoja na aina ya bustani iwezayo kuyatunza.

Wilaya zetu hazina njaa ya nafaka. Mpunga wa Mwamkulu na Mpimbwe unajulikana, na mahindi tunayo. Lakini sahani iliyojaa ubwabwa au ugali peke yake haimjengi mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa. Sababu za kudumaa ni nyingi, na mchicha peke yake hauwezi kuziondoa zote. Hata hivyo, mboga za majani zina madini ya chuma na vitamini ambazo ugali hauna, na nyumba inayokosa mboga kwa miezi mitano ya kila mwaka inamnyima mtoto haki yake.

Kipimo cha Mtume (S.A.W.)

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), katika Hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano. Wazee wetu waliipa mudi jina la kibaba, na vibaba vinne ndivyo vinavyofanya pishi, ile ile tunayotolea Zaka ya Fitri. Kibaba hakifiki lita moja. Sasa kila mmoja wetu na ajiulize: anapofungua bomba na kuliacha wazi tangu kuosha viganja hadi kuosha miguu, humwaga vibaba vingapi?

Ipo pia Hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Ibn Majah, inayoeleza jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomkanya sahaba Saad (R.A.) asifanye israfu katika udhu hata kama yuko kando ya mto unaotiririka. Baadhi ya wanazuoni wameudhoofisha upokezi wake, lakini maana yake inaafikiana na makatazo ya israfu yaliyomo katika Kitabu kitukufu.

Tupige hesabu kidogo. Nyumba yenye watu watano wenye kuswali ina udhu 25 kwa siku, na kila mmoja akitumia lita moja tu, hizo ni lita 25. Tuondoe udhu unaochukuliwa msikitini, na ule mmoja unaotumika kwa Swala mbili. Tuseme inabaki nusu. Bado zipo lita 12 kila siku, na maji hayo hayana sabuni wala mafuta kama yalivyo maji ya kuoshea vyombo. Kinachohitajika ni karai la kuyakinga tu.

Huenda msomaji akauliza: je, maji hayo si najisi? Jibu la wanazuoni walio wengi ni kwamba si najisi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi huku kwetu, maji machache yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni tohara yenyewe, ila hayafai tena kutoharishia. Kumwagilia mimea si kutoharisha, kwa hiyo hakuna kizuizi. Maji ya kustanjia ni jambo jingine kabisa. Hayo yasikingwe wala yasichanganywe na haya.

Bustani inayojinywesha

Maji haya tukiyamwaga juu ya tuta wakati wa jua la Septemba, sehemu kubwa hupaa hewani kabla haijaufikia mzizi. Ndiyo maana katika nchi nyingi watu wamebuni vyombo vya kupandia vinavyopangwa ghorofa kwa ghorofa, na ambavyo huhifadhi maji chini ya udongo ili mmea ujinyweshe wenyewe.

Fikra hii si ngeni. Nchini Uchina, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, wakulima walikuwa wakifukia mtungi wa udongo usiopakwa rangi, wakaujaza maji na kupanda mbegu pembeni yake, na maji yakapenya polepole kupitia ukuta wa mtungi. Jirani zetu wa Kibera, jijini Nairobi, wanajulikana kwa kupanda sukumawiki kwenye magunia. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Solidarités International la Ufaransa lilisaidia kukieneza kilimo hicho kuanzia mwaka 2008. Gunia husimama mahali padogo na hubeba miche juu na ubavuni. Upungufu wake ni kwamba hupoteza maji kwa pande zote, na kwa kiangazi cha Mpanda hilo ni tatizo.

Vyombo vya ghorofa vya kiwandani huuzwa kwa bei ambayo wengi wetu hatuimudu. Lakini siri yake ni ile ile ya koroboi. Utambi wa koroboi huyavuta mafuta kutoka chini kwenda juu bila ya kusukumwa na mtu, na udongo nao huvuta maji namna hiyo hiyo.

Sisi tulitengeneza yetu kwa ndoo tatu za plastiki: ya lita 20, ya lita 10 na ya lita 5. Ndani ya kila ndoo, chini kabisa, tulifunika bakuli la plastiki lililotobolewa matundu madogo, ili pawe na nafasi ya maji. Pembeni ya bakuli udongo hushuka hadi kwenye maji, na huo ndio utambi. Kipande cha bomba jembamba husimama kutoka kwenye nafasi hiyo hadi juu ya udongo, na humo ndimo tunamomimina maji. Ndoo ya lita 10 hukaa juu ya tofali lililozikwa katikati ya ndoo kubwa, na ile ndogo hukaa juu yake vivyo hivyo. Miche hupandwa katika duara linalobaki wazi.

Jambo moja tulilipuuza, tukalijutia. Hatukutoboa tundu la kutolea maji yaliyozidi. Baada ya wiki mbili majani yaligeuka manjano, na tulipong'oa mche mmoja tuliukuta mzizi umeoza. Mzizi nao unahitaji hewa, na maji yakijaa kupita kiasi huuzamisha. Tundu hilo hutobolewa ubavuni mwa ndoo, chini kidogo ya kimo cha bakuli. Ndoo ya juu ikishiba, ziada huiteremkia ya chini yake. Tukaona hata israfu ya kunywesha ina adhabu yake.

Udongo wetu ni mchanganyiko wa udongo wa kawaida, samadi iliyooza vizuri na pumba za mpunga zilizounguzwa, ambazo mashineni hapa kwetu hazikosekani. Udongo mzito wa mfinyanzi haufai peke yake. Tena, maji hayapandi kwa wepesi zaidi ya shubiri moja au mbili, na ndiyo maana kila ghorofa lazima iwe na hazina yake ya maji. Miche michanga humwagiliwa kwa juu siku za mwanzo, hadi mizizi ishuke.

Kwa makadirio yetu, ghorofa tatu hizo hunywa lita mbili hadi tatu siku ya jua kali. Lita 12 za udhu tulizozihesabu zinatosha kwa minara minne. Mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne, na matembele, sukumawiki, chainizi na vitunguu vya majani hukatwa mara kwa mara. Mahindi na maboga yaachiwe shamba.

Tahadhari nne

Kwanza, mkoa wetu unalima tumbaku na pamba, na makopo ya viuatilifu yametapakaa. Chombo kilichobeba sumu kisitumike kamwe, hata kikioshwa mara 100. Tusije tukawalisha watoto wetu sumu kwa nia ya kuwalisha mboga.

Pili, maji yaliyotuama ni makazi ya mbu, wakiwamo wale waenezao homa ya dengi. Mdomo wa bomba na tundu la ubavuni vifunikwe kwa kipande cha chandarua.

Tatu, mnara uliolowa ni mzito, kwani lita moja ya maji pekee ni kilo moja. Uwekwe mahali pa sawasawa, mbali na watoto wapendao kuparamia.

Nne, kila baada ya wiki chache mimina maji safi kwa juu hadi yatoke tunduni, ili chumvi iliyojikusanya ioshwe. Na mboga zote zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa au kuliwa, ijapokuwa maji haya hupita chini wala hayayagusi majani.

Msikiti uongoze

Ndugu zetu katika imani, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu anapopanda mmea, kila kitakacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama huandikwa kwake kuwa ni sadaka. Thawabu hiyo haikuwekewa sharti la ukubwa wa shamba. Mjane mwenye ua wa hatua tatu anaweza kuipata, na mzee asiyeweza tena kuinama kushika jembe anaweza kuipata, kwani mnara humfikia mkononi akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

Tunatoa rai kwa kamati za misikiti na walimu wa madrasa. Hakuna mahali panapomwaga maji ya udhu kwa wingi kuliko misikitini mwetu, hasa siku ya leo ya Ijumaa. Mfereji wa pale wanapotawadhia watu ukielekezwa kwenye pipa, wanafunzi wa madrasa wanaweza kutunza minara kumi, na mboga zake zikapelekwa kwa mayatima na wagonjwa wa mtaa. Watoto hao watajifunza hukumu za maji kwa mikono yao, kabla hata ya kuzisoma kitabuni.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Leo, kabla ya Alasiri, weka karai chini ya miguu yako unapotawadha, kisha utazame ulichokuwa ukikipoteza. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru neema zake kwa vitendo.

Wabillahi tawfiq.