Misukule Iliyonenepa: Sheria za Nchi Zinavyoingia Ndani ya Gemu

Katikati ya mwaka 2007, wachezaji wa World of Warcraft nchini China waliwasha kompyuta zao na kukuta misukule yao imenenepa. Katika gemu hiyo ya kampuni ya Kimarekani ya Blizzard Entertainment, kila mchezaji huchagua atakuwa nani: binadamu, mbilikimo, jitu la kijani, au mmoja wa kabila la wafu waliofufuka, ambao mifupa ya viwiko, magoti na uti wa mgongo imetoboa ngozi na kujitokeza nje. Kwa wachezaji wa Marekani na Ulaya, mifupa hiyo ilibaki kama ilivyochorwa tangu gemu ilipotoka mwaka 2004. Kwa Wachina ilifunikwa kwa nyama na ngozi. Tena mchezaji akiuawa vitani, pale ambapo mwenzake wa Ulaya angeona mabaki yametapakaa chini, yeye aliwekewa kaburi nadhifu. Kampuni ya The9 ya Shanghai, iliyokuwa ikiendesha gemu hiyo nchini humo, ilieleza kuwa lengo ni kuweka mazingira ya mtandaoni yenye afya na utangamano.

Nje ya China habari hiyo ilichekwa sana. Lakini anayetaka kuelewa jinsi sheria ya nchi inavyogeuka kuwa sehemu ya programu hana pa kuanzia pazuri zaidi. Gemu ya aina hii ina pande mbili. Upande mmoja umo kwenye kompyuta ya mchezaji: picha, sauti, ramani na maandishi. Upande wa pili umo kwenye seva, yaani mashine za kampuni zinazotunza kumbukumbu ya kila mhusika na mali yake, zinazopiga hesabu upanga umejeruhi kiasi gani, na zinazoamua adui akifa ataangusha kitu gani. Kuvika mifupa nyama ni kazi ya upande wa kwanza. Mchoraji anachora umbo jipya, faili linasambazwa, kazi imekwisha. Msukule mnene alikuwa na nguvu zilezile za msukule mwembamba. Sheria zinazoingia upande wa seva ndizo zenye uzito, kwa sababu huko zinagusa muda, mali na pesa za mtu.

Kwa nini kampuni ya California ikubali kuchorewa upya viumbe wake? Takwimu zinajibu. Januari 2007 Blizzard ilitangaza kuwa gemu hiyo imefikisha wachezaji milioni 8 duniani. Kati yao, milioni 3.5 walikuwa China, zaidi ya milioni 2 Amerika Kaskazini na milioni 1.5 Ulaya. Hata malipo yalifuata mazoea ya huko. Mmarekani alilipa dola 14.99 kwa mwezi, acheze asicheze. Mchina alinunua kadi ya yuan 30 yenye dakika 4,000, sawa na saa 66 na dakika 40, nazo zilipungua pale tu alipokuwa ndani ya gemu.

Juu ya hayo yote ipo sheria. Kampuni ya kigeni hairuhusiwi kuendesha yenyewe gemu ya mtandaoni nchini China. Lazima ipate kampuni ya wenyeji yenye leseni. Na gemu huhesabiwa kuwa chapisho, kama kitabu: maudhui yake hukaguliwa kwanza, kisha ndipo hupewa namba ya kibali. Toleo jipya la nyongeza nalo hukaguliwa upya. Hapo ndipo wachezaji walipoumia kuliko walivyoumizwa na mifupa.

Juni 2009 mkataba wa The9 ulimalizika na seva zikazimwa. Mwendeshaji mpya alikuwa NetEase, na kwa kuwa mwendeshaji amebadilika, vibali navyo vilibidi kuombwa upya, hata kwa toleo la The Burning Crusade ambalo Wachina walikuwa wamekwisha kulicheza tangu 2007. NetEase ilifungua milango Septemba. Novemba, Idara Kuu ya Habari na Uchapishaji ikalirudisha ombi lake na kuiamuru iache kusajili wachezaji wapya na kutoza ada. Siku hazikupita nyingi, Wizara ya Utamaduni ikajitokeza hadharani kusema idara hiyo imevuka mipaka ya madaraka yake. Ofisi mbili za serikali moja ziligombania nani msimamizi wa gemu, na mamilioni ya watu wakakaa kati bila kujua kama wahusika waliowalea kwa miaka minne watakuwepo kesho. Kibali kilitoka Februari 2010. Toleo lililofuata, Wrath of the Lich King, lililotoka Marekani Novemba 2008, liliwafikia Wachina mwisho wa Agosti 2010. Wengi hawakusubiri, walihamia seva za Taiwan na kuanza upya kutoka sifuri.

Mwaka 2023 yakatokea mengine. Blizzard na NetEase zilishindwa kukubaliana kuhusu mkataba mpya, na Januari seva zikazimwa tena. Safari hii serikali haikuzuia chochote. Ulikuwa mvutano wa kampuni mbili. Ila sheria ileile ndiyo iliyofanya mvutano huo uwe kifungo, kwani Blizzard isingeweza kuendelea peke yake hata kama ingetaka. Siku chache kabla ya kuzima, wachezaji walipewa njia ya kupakua kumbukumbu za wahusika wao na kuzihifadhi kwenye kompyuta zao. Fikiria faili hilo. Miaka ya kuamka alfajiri, vita na marafiki, farasi na ngao, vyote vimekuwa mistari ya data ambayo haiwezi kufanya lolote mpaka seva ipatikane. Gemu ilirudi Agosti 2024, mikononi mwa NetEase ileile.

Sheria iliyoingia ndani kabisa ya hesabu za seva, hata hivyo, ni ile ya kuzuia watoto kuzama kwenye gemu. China ilianza kuijaribu mwaka 2005 pamoja na kampuni saba, The9 ikiwamo, na kuitumia rasmi kuanzia Julai 2007. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 alipata alama zake zote kwa saa tatu za mwanzo. Kuanzia saa ya tatu hadi ya tano, adui aliyempa alama 100 sasa alimpa 50. Baada ya hapo hakupata kitu: angeua, angetembea, angepiga soga na wenzake, lakini mfuko wake haukuongezeka. Akitaka hesabu ianze upya, ilimlazimu akae nje ya gemu kwa saa tano.

Kisayansi, wazo hilo lilikuwa na akili. Halikumfukuza mtoto, liliondoa tuzo inayomfanya abaki. Tatizo lilikuwa utambulisho: seva haioni uso, inaona namba ya kitambulisho tu, na namba ya baba au shangazi ilitosha kumvusha mtoto. Serikali ikaanza kukaza. Mwaka 2019 muda wa watoto ukawa dakika 90 kwa siku za kawaida. Kuanzia Septemba 2021 ukawa saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, tena kwa siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini nayo ilikuwa na sheria ya kuwafungia walio chini ya miaka 16 kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ilianza 2011 na kufutwa mwanzoni mwa 2022.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2023 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha utafiti ulioongozwa na David Zendle wa Chuo Kikuu cha York, uliopitia zaidi ya saa bilioni 7 za uchezaji nchini China, kabla na baada ya masharti ya 2019. Watafiti hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba uchezaji wa kupindukia ulipungua. Data yao ilihusu sehemu moja tu ya soko na haikuonyesha umri wa wachezaji, kwa hiyo haimalizi mjadala. Lakini mtu yeyote anayetaka kuiga sheria hiyo kwa kuwa tu inasikika kali anapaswa kuusoma kwanza.

Ulaya ilishika upande mwingine, upande wa bahati. Gemu nyingi huuza kasha ambalo mnunuzi hajui lina nini mpaka alifungue. Ndani huenda kuna silaha adimu. Mara nyingi kuna takataka. Nguvu ya mpango huo ilijulikana maabarani kabla kompyuta hazijaingia majumbani. B. F. Skinner na Charles Ferster, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1957, walionyesha kuwa njiwa anayepewa punje bila mpangilio, mara baada ya kudonoa mara tano, mara baada ya hamsini, hudonoa kwa kasi na bila kuchoka kuliko yule anayejua zamu yake. Aprili 2018 Tume ya Kamari ya Ubelgiji ilisema makasha ya kulipia ni kamari. Mwaka huohuo ArenaNet ya Marekani, waundaji wa Guild Wars 2, waliacha kuwauzia Wabelgiji vito vya gemu hiyo kwa fedha halisi.

Juni 2022 Blizzard ilipotoa Diablo Immortal, gemu ya simu iliyotengenezwa pamoja na NetEase, Ubelgiji na Uholanzi hazikuwamo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa. Sababu inaonekana ukiitazama gemu yenyewe. Haina kasha la kufungua. Mchezaji hununua nembo, anaitumia mlangoni mwa pango, anapigana dakika chache, kisha pango linatema jiwe ambalo thamani yake imeamuliwa na namba nasibu. Kasha limevaa sura ya pango, na kupigana kunakufanya uamini jiwe umelipata kwa jasho lako. Huo ndio ujanja ninaouona hatari kuliko kasha la wazi.

Hata hivyo marufuku ya Ubelgiji imevuja. Mtafiti Leon Xiao alipopima gemu 100 zilizoingiza pesa nyingi zaidi kwenye iPhone nchini humo, alikuta asilimia 82 bado zina makasha ya aina hiyo. Baadhi ya kampuni kubwa zilitii, zikajiondoa; nyingine zikaendelea kuuza.

Sheria iliyosambaa mbali kuliko zote ilitoka China, na haikukataza kitu. Kuanzia Mei 2017, kila gemu yenye makasha nchini humo ililazimika kutangaza uwezekano wa kupata kila kitu kilichomo. Desemba mwaka huohuo Apple iliweka sharti kama hilo kwenye duka lake la programu duniani kote, na Google ikafuata mwaka 2019. Ndiyo maana leo mtu wa Mwanza au Kisumu anaweza kufungua gemu ya Kimarekani kwenye simu yake na kukuta jedwali la asilimia. Mara nyingi limefichwa nyuma ya kitufe kidogo chenye alama ya kuuliza, lakini lipo.

Lisome kwa hesabu sahihi. Kitu chenye uwezekano wa asilimia 1 hakipatikani kwa hakika ukifungua makasha 100. Kila kasha lina nafasi ya 0.99 ya kukunyima, zidisha 0.99 kwa yenyewe mara 100, utapata takriban 0.37. Maana yake, katika watu 100 ambao kila mmoja amenunua makasha 100, wapatao 37 wataondoka mikono mitupu. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, itakubidi ununue 299. Baadhi ya gemu huweka kikomo ambapo ukikosa mara nyingi unapewa tu; kama kikomo hicho kipo, mara nyingi huandikwa hapohapo.

Kwa hiyo wewe mzazi ambaye mtoto anakuomba pesa za kasha, au wewe mchezaji mwenyewe, kabla hujalipa tafuta jedwali hilo na ugawe bei ya kasha kwa uwezekano wa kupata kitu unachokitaka. Ukilikosa kabisa, usinunue.