HELIKOPTA ZA RIMOTI: FEDHA IKO KWENYE VIPURI

Mtu akinunua redio, muuzaji anaweza asimwone tena kwa miaka mitano. Akinunua helikopta ndogo ya rimoti na akaupenda mchezo wenyewe, atarudi dukani kabla ya wiki kwisha, kwa sababu ameiangusha. Atataka panga jipya la rota, gia, au shafti iliyopinda. Mwezi unaofuata atarudi kutaka mota yenye nguvu zaidi, ingawa ile ya kwanza bado inafanya kazi. Juu ya tabia hiyo ya mteja imejengwa biashara ambayo imezunguka kutoka Ujerumani hadi Japani, Taiwan, Marekani na kusini mwa China, na ambayo imetajirisha baadhi ya watu na kuwafilisi wengine.

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaokwenda kufunga mizigo Guangzhou wamo karibu sana na viwanda vyake. Walkera ni kampuni ya mji huo huo. Syma na WLtoys zinatoka Chenghai, wilaya ya mji wa Shantou katika jimbo lile lile la Guangdong, ambako kutengeneza vitu vya kuchezea ndiyo kazi kuu. Kwa hiyo si ajabu mfanyabiashara akionyeshwa katoni za helikopta hizi na kuambiwa kuwa zinauzika kama njugu. Huenda ni kweli, lakini kabla hajatoa fedha ni vizuri ajue anachonunua, maana vyombo viwili vinavyofanana kwa umbo vinaweza kuwa na wateja tofauti kabisa.

Ya watoto na ya wapenzi

Ya kwanza ni ya kuchezea. Mwaka 2006 kampuni ya Silverlit ya Hong Kong ilitoa Picoo Z, helikopta ya gramu 10 hivi iliyotokana na ubunifu wa Mbelgiji Alexander Van de Rostyne, ambaye alikuwa akijiundia helikopta ndogo kama mchezo tu. Iliuzwa kwa mamilioni. Baada yake ikaja Syma S107, yenye rota mbili zilizopandana juu ya mhimili mmoja na kuzunguka kinyume, kila moja ikizuia nyingine isikizungushe chombo chote. Ndani yake mna jairo ya kutuliza mkia. Mtoto anaweza kuirusha sebuleni siku ya kwanza, na bei yake ilikuwa kama dola 20. Mteja wa chombo hiki huja wakati wa sikukuu, na kikiharibika hukitupa.

Ya pili ni ya wapenzi wa mchezo. Hii ina rota moja kubwa juu na ndogo mkiani, kama helikopta halisi, na mapanga yake hubadilisha mwinamo yakiwa yanazunguka. Rubani akisukuma kijiti, sahani iliyo chini ya rota hupanda, hushuka au kulala upande, na mapanga hufuata. Chombo kinaweza kuruka kichwa chini. Kinaweza pia kujibamiza ardhini ndani ya sekunde moja, kwa sababu hakitulii chenyewe kama kile cha mtoto. Mwanafunzi wa mchezo huu hushauriwa aanze kwenye kompyuta kwa programu ya mazoezi, ambako kuanguka ni bure.

Ujuzi huu una historia. Mjerumani Dieter Schlüter ndiye aliyefanikiwa, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuunda helikopta ya rimoti iliyotawalika kweli, kisha akaiuza kwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Wajapani kama Hirobo na Kyosho waliendeleza kazi hiyo. Hadi miaka ya 1990 ulikuwa mchezo wa wenye nafasi. Injini ilitumia mafuta ya methanoli yaliyochanganywa na nitromethani, na chombo pamoja na redio yake vilizidi dola 1,000 bila taabu. Anayeanza alihitaji mwalimu wa kumshikia rimoti, na mafunzo ya namna hiyo nayo yana gharama yake.

Vitu vitatu viliishusha bei: betri za lithiamu polima zilizo nyepesi na zenye nguvu, mota za umeme zisizo na brashi, na jairo za kielektroniki ndogo kuliko ukucha. Mwaka 2004 hivi kampuni ya Align ya Taiwan ikatoa T-Rex 450, helikopta ya umeme yenye rota ya sentimita 70 hivi kutoka ncha hadi ncha. Ikawa kipimo cha soko zima. Viwanda vya China viliiga umbo lake na vipimo vyake, hata gia ya mwigaji ikaingia kwenye chombo cha asili na cha asili kikaingia kwa mwigaji. Duka la HobbyKing la Hong Kong liliuza nakala kwa sehemu ndogo tu ya bei ya Align. Mwenye hakimiliki aliumia, lakini mwenye duka la rejareja alifaidika, maana kopo moja la skrubu na shafti liliweza kuwahudumia wateja wa kampuni tano.

Huyu anayebadilisha mota

Hapa ndipo penye utamu wa biashara hii, na ndipo wengi wanaotoka kwenye biashara ya nguo au simu wanapopotea. Mpenzi wa helikopta hanunui chombo ili kikae kama kilivyo. Mfano mzuri ni Blade mCP X, iliyotolewa mwaka 2011 na Horizon Hobby ya Champaign, Illinois. Ilikuwa na uzito wa gramu 45 hivi, ikatosha kiganjani, na iliweza kuruka kichwa chini kwa bei iliyokuwa chini ya dola 200. Kwa umbo lile, lilikuwa jambo jipya. Hata hivyo mota yake ya mkia ilikuwa ya brashi, ndogo mno, na ilichoka haraka. Mkia ukilegea, chombo huanza kujizungusha chenyewe kama pia.

Wapenzi hawakuirudisha dukani. Walianza kwa kubadilisha mota ya mkia na kuweka yenye nguvu zaidi. Wakaona waya za mkia ni nyembamba, wakaziunga nene. Kisha wakang'oa hata mota kuu na kuweka isiyo na brashi, jambo lililolazimisha kuunga kifaa kingine cha kuiendesha na kuichokonoa saketi iliyokuja nayo. Kichwa cha plastiki kikatolewa, kikawekwa cha alumini. Mikono iliyozoea kushika chuma cha kuunga redio ilipata kazi, na viwanda vidogo vilivyotengeneza vipande hivyo vya alumini na kaboni vilipata soko ambalo mwenye chombo hakulipanga. Mtu aliishia na helikopta iliyogharimu mara mbili ya bei ya dukani, na aliona fahari. Kampuni yenyewe ililiona jambo hilo, na miaka miwili baadaye ikatoa toleo lenye mota zisizo na brashi kutoka kiwandani.

Katika mabadiliko haya kuna mambo ambayo muuzaji anatakiwa kuyafahamu ili asimwuzie mteja hasara. Betri nzito zaidi huongeza dakika za kuruka, lakini uzito nao hula umeme, na kuna mahali ambapo kuongeza betri hakuongezi dakika yoyote. Kichwa cha alumini hakivunjiki, na hilo si sifa tupu: chombo kikianguka, nguvu ambayo ingevunja plastiki ya dola mbili huteremka hadi kwenye shafti, gia na sevo, ambazo ni ghali zaidi. Warushaji wengi wazoefu hurudi kwenye plastiki kwa sababu hiyo. Muuzaji anayemwambia mteja ukweli huu huenda akapoteza mauzo ya siku moja.

Tupige hesabu kwa mfano wa kubuni. Mwenye duka ananunua helikopta 10 kwa dola 60 kila moja na kuziuza dola 80. Amefunga mtaji wa dola 600, faida ni dola 200. Kisha anaweka dola 300 kwenye vipuri 200 vya wastani wa dola moja na nusu, anavyouza dola tatu kimoja. Vikiisha vyote amepata faida ya dola 300 kwa nusu ya mtaji ule. Ndiyo maana tunasema fedha iko kwenye vipuri. Lakini vikiuzika 100 tu, amerudisha mtaji wake bila senti ya faida, na vile 100 vilivyobaki havimfai mtu mwingine yeyote.

Hilo la mwisho hutokea mara nyingi. Viwanda vya Chenghai hubadilisha matoleo haraka. Modeli ikiachwa, gia yake haiingii kwenye modeli mpya, na sanduku la vipuri huwa takataka. Enzi ya T-Rex 450 na nakala zake, ambapo kila kitu kiliingiliana, ilimpa muuzaji kinga ambayo vyombo vya bei ndogo vya leo havimpi. Anayeagiza sasa aulize kwanza ni modeli zipi zinazotumia mapanga na mota zile zile, ndipo aulize bei.

Drone zilivyoingia

Wang Tao, ajulikanaye pia kama Frank Wang, alizipenda helikopta za rimoti tangu utotoni. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong, alishughulikia kifaa cha kuituliza helikopta hewani. Mwaka 2006 alianzisha DJI huko Shenzhen, akianza kwa kuuza vifaa vya namna hiyo. Soko la helikopta lilikuwa dogo, na kampuni ikahamia kwenye vyombo vya rota nne. Mwezi Januari 2013 ikatoka Phantom kwa dola 679. Chombo chenye rota nne hakina sahani wala shafti ya kupinda, na anayejua kutumia simu hujifunza kukirusha mchana mmoja. Wateja waliotaka kuona kitu kikiruka tu walihamia huko, na helikopta ikabakiwa na wale wanaopenda ugumu wake.

Mwenye fedha zake kwenye hisa aangalie pia mji wa Champaign. Kampuni ya Hobbico ya mji huo ilikuwa miongoni mwa wasambazaji wakubwa wa vyombo vya rimoti nchini Marekani, na ilimilikiwa na wafanyakazi wake. Tarehe 10 Januari 2018 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mali zake zikauzwa kwa mafungu. Sehemu ilinunuliwa na Horizon Hobby, mshindani wake wa mji ule ule. Katika ufilisi mwenye hisa hulipwa mwisho, baada ya benki na wadai wengine. Mfanyakazi wa kampuni ya namna hiyo anaweza kupoteza mshahara na akiba ya uzeeni kwa mkupuo mmoja.

Hatari, vibali na betri

Mwezi Septemba 2013 kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti katika bustani moja ya Brooklyn, New York. Ilikuwa ya daraja kubwa, yenye mapanga ya sentimita 70 hivi kila moja. Hata ile ya 450 huzungusha rota zaidi ya mara 2,500 kwa dakika, na panga la kaboni kwa mwendo huo si kitu cha kuchezewa karibu na watu. Anayeuza daraja hilo kwa mzazi anayetafuta zawadi ya mtoto amefanya kosa ambalo cheti cha mauzo hakiwezi kulifuta.

Serikali nazo zimeweka mipaka. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya zimeifanya gramu 250 kuwa mpaka muhimu wa masharti, na viwanda vimeugeuza mpaka huo kuwa tangazo la biashara. Mwaka 2020 tume ya mawasiliano ya Marekani iliithibitishia HobbyKing faini ya zaidi ya dola milioni 2.8 kwa kuuza transmita zisizoruhusiwa. Kenya ilitoa kanuni zake za vyombo visivyo na rubani mwaka huo huo, na zinahusu hata uingizaji. Mfanyabiashara wa Nairobi au Dar es Salaam apate jibu la maandishi kutoka mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kulipia mzigo.

Betri ndizo zinazokwamisha mizigo mingi. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mizigo kwenye ndege za abiria. Kwenye ndege za mizigo ni lazima chaji isizidi asilimia 30. Zilizofungwa pamoja na chombo zina masharti tofauti, na kwa hiyo ankara inayosema betri tu na ile inayosema helikopta yenye betri hazipiti njia moja. Msafiri anaweza kubeba chache za akiba kwenye mkoba wa mkononi, kila moja isizidi saa-wati 100. Ile ya 450, ya volti 11.1 na miliampea-saa 2,200, ina 24 na ushee.

Forodhani, liko swali la fungu la ushuru. Tangu mwaka 2022 orodha ya kimataifa ya bidhaa imevipa vyombo visivyo na rubani fungu lao, 88.06, lakini vitu vya kuruka vilivyoundwa kwa burudani pekee vimebaki kwenye 95.03 pamoja na vitu vya kuchezea. Helikopta ya sebuleni haina ubishi. Yenye kamera na mfumo wa kutambua mahali ilipo inaweza kuzua ubishi, na gharama za kuhifadhi mzigo bandarini huendelea kuhesabiwa wakati ubishi huo ukiendelea.